Anayepuliza Chai Iliyopoa

Nuakshot, 9 Agosti 1995

Mama Mdogo Yaghuta,

Asalaam aleikum. Hujambo mama yangu? Kifua kimepoa? Miguu je, na yale macho uliyokuwa ukilalamikia vumbi? Mimi mzima, ila joto la hapa linatutoa roho. Tende zako zimefika. Deddah, mume wa Selekha, alizileta alipokuja kuchukua dawa za ngamia, akakaa akanywa chai yake, akaenda zake. Binamu Nezha amekula nusu ya gunia na bado anasema hajaonja. Nisalimie sana jirani yako Selekha.

Mama, nina jambo. Redioni wamenipa siku ya kurekodi kabla ya Ramadhani, tarehe kumi na saba Januari. Lakini hawataki sifa za mababu wa watu, wanataka wimbo mpya, wangu mwenyewe. Nikamwimbia Baba Mkubwa Sidati nilivyotunga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka zeze lake la tidiniti chini, akasema, "Teslem, sauti asali, maneno maji ya kuoshea vyombo." Mbele ya watu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Ukoo wetu wote ni waimbaji, na wewe ndiye uliyenifundisha kupiga ardini tangu vidole vyangu havijafika nyuzi za mwisho. Nifundishe na hili. Nataka kuanza na tebraa, mistari miwili tu kama wanavyotunga wanawake wakiwa peke yao. Nimetunga huu:

*Moyo wangu kama jangwa, ewe mvua ninyeshee;*
*wewe nyota mimi anga, shuka chini nikuone.*

Niambie ukweli. Na kwa kuwa kinasa sauti chako kimeliwa na mchanga, afadhali hivi tuandikiane, ingawa nimezoea kuisikia sauti yako kwenye kanda. Barua nampa Bouba wa Landrova.

Mwanao,
Teslem


Tijikja, 27 Agosti 1995

Panzi wangu mwembamba,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, mitende imezaa mpaka inainama, watu wametoka mijini kuja kula na kulala. Wewe tu ndiye hukuja. Mwakani uje, hata kama ni kwa kutambaa. Selekha anakusalimu, ndiye anayeniletea maziwa kila asubuhi na kunivumilia maneno.

Sasa huo ubeti. Umesema nikwambie ukweli? Haya. Jangwa na mvua! Mbuzi wa Tijikja wenyewe wameshachoka kusikia hayo. Kila asiye na la kusema anapanda mbinguni kuokota nyota. Wewe umepanda, hukuokota kitu, na umeshuka na vumbi.

Tebraa si wimbo wa harusi, mwanangu. Ni neno ambalo mwanamke hawezi kulisema, ndipo analiimba. Ndiyo maana halina mwenyewe. Anayeimba husema "mwanamke mmoja amesema", na hakuna anayeuliza ni nani, kwa sababu atakayeuliza leo ataulizwa kesho. Kama huna mwanamume moyoni, usitunge, subiri. Kama unaye, shuka kutoka mbinguni, umtazame alipo. Amevaa nini? Ananuka nini? Sikuulizi jina, na usinitajie.

Mama yako mdogo,
Yaghuta


Nuakshot, 14 Septemba 1995

Mama Mdogo mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Usingizi unaupata? Mimi mzima, nimekonda zaidi, utanicheka.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikalia, maana ni kweli kuna mtu. Hajui. Mimi niliachika miaka miwili sasa, niko huru, lakini yeye hayuko huru, basi tuishie hapo. Hakuna kilichotendeka na hakitatendeka. Nimeshuka kutoka mbinguni kama ulivyosema:

*Kilemba chake cheusi kina harufu ya lami;*
*hupita nacho upesi, hasimami kwangu mimi.*

Lami ile wanayopaka ngamia wenye upele. Baba Mkubwa Sidati ameusikia (nilimwambia nimeuokota kwa wanawake) akainua unyusi mmoja. Kwake yeye unyusi mmoja ni zawadi.

Mwanao,
Teslem


Tijikja, 2 Oktoba 1995

Panzi wangu,

Wa aleikum salaam. Kifua kinanibana asubuhi, mchana napata nafuu. Mbuzi wangu mweupe amezaa mapacha, wote majike, alhamdulillahi.

Ee! Sasa mgonjwa ameanza kula. Harufu ya lami nimeipenda, na "kwangu mimi" pale mwisho ni kama mtu aliyesahaulika mlangoni. Ila bado, Teslem. Vilemba vyeusi vyenye lami hapa mkoani kwetu Taganti ni nusu ya wanaume, na nusu nyingine wamekopesha vyao. Ukiimba huo, wanawake ishirini watadhani ni wao walioutunga. Endelea.

Mama yako mdogo,
Yaghuta

*Naongeza hili chini ya sahihi, nilisahau. Weka kitu kimoja ambacho yeye peke yake anacho. Si nguo wala si kazi yake. Kitu anachofanya bila kujijua, ambacho hakionekani na mpita njia, mpaka mtu akae naye akiwa ametulia. Usituambie kwamba umependa, tuonyeshe ulichokiona. Ukikileta hicho, umetunga.*


Nuakshot, 21 Oktoba 1995

Mama Mdogo,

Asalaam aleikum, na Mungu akuponye kifua, na mapacha wakue.

Hayo uliyoongeza chini ya sahihi! Mama, nimeimba tangu nina miaka saba na hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Siku nne sikushika ardini, nilikaa tu nikimkumbuka. Nilikuwa nakumbuka macho, sauti, mambo ya kila mtu. Siku ya tano nikakumbuka mkono wake na bilauri. Soma:

*Chai imekwisha poa, bado yeye hupuliza;*
*mimi moto nangojea, mbona hajanipuliza?*

Basi ndiyo hivyo alivyo. Anapewa chai, anaongea, chai inapoa mpaka povu linalala, kisha anaipuliza taratibu ndipo anakunywa. Kila mara. Nimemwona mara tatu tu, mbele za watu, na mara zote tatu alipuliza. Ukiniuliza nimependa nini, nimependa hicho.

Huu ndio utakaofungua wimbo wangu redioni. Nitasema "mwanamke mmoja amesema" na hakuna atakayejua. Ila mama, barua hii uichome. Bahasha nimeiziba kwa ulimbo wa mgunga, na juu ya ulimbo nimelaza unywele wangu mmoja. Ukiukuta umekatika, jua kuna mkono umepita.

Mwanao,
Teslem


Tijikja, 8 Novemba 1995

Teslem,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima.

Barua imefika, unywele haukukatika. Umejua kutunga. Huna la kufundishwa tena.

Mama yako mdogo,
Yaghuta


Nuakshot, 30 Novemba 1995

Kwa Mama Mdogo,

Asalaam aleikum. Natumaini mzima. Mimi si mzima, na nitakwambia kwa nini.

Barua yako ya mistari mitatu niliisoma mara kumi nikitafuta utani, sikuuona. Hata "Panzi" hakuna. Nikajiambia, mama amechoka, kifua hicho.

Juzi nimekwenda harusini, upande wa wanawake. Wakaingia jamaa wa bibi harusi, wanawake wa Taganti, wakakaa wakaanza kupiga makofi. Mmoja mnene mwenye jino la fedha akasema, "Mwanamke mmoja amesema," halafu akaimba ubeti wangu. Wangu, mama! Chai imekwisha poa. Neno kwa neno. Wakaucheka, wakaurudia, na Nezha akanipiga kiwiko, "Itikia basi, nawe mwimbaji gani?" Nikaitikia. Nimeitikia ubeti wangu mwenyewe nikiwa nauma meno. Nilipouliza wameutoa wapi, yule mnene akasema, "Huo? Huo ni wa Tijikja, kwetu unaimbwa na kila anayekoroga chai."

Nimepekua kila mtu. Nezha hajui, nilitunga akiwa sokoni na karatasi ya kwanza nikaitia motoni. Bouba dereva nikamsimamia na Landrova yake ikinguruma. Akanicheka, "Dada, mimi hata jina langu silisomi, nitakusomea mapenzi yako?" Na wewe mwenyewe umeandika kwamba unywele haukukatika. Basi bahasha ilifika ikiwa imezibwa, na ilifunguliwa nyumbani kwako. Sasa niambie nimshuku nani?

Siwezi kudai. Nikisema ni wangu, nimesema ninaye mtu, na kuna atakayemjua. Nikiuimba redioni, mimi ni kasuku wa wanawake wa Taganti. Umenifundisha kutunga, kisha umekwenda kuimba na wenzio jioni ili wakusifu. Nasikitika kuliandika hili kwa mama yangu, lakini nimeshaliandika. Kama si wewe, apa.

Teslem


Nuakshot, 20 Desemba 1995

Mama Mdogo,

Wiki tatu kimya. Hata tusi sijapata. Hii si tabia yako, wewe ukichokozwa hujibu kabla mtu hajamaliza sentensi.

Leo asubuhi nimemfuata Bouba nikamuuliza, "Ile barua ulimpa mama mkononi?" Akasema ndiyo, nyumbani kwake. Nikamwambia, "Sikuuliza nyumbani. Mkononi mwake?" Akakuna kichwa. "Mkononi mwa yule mama wa kila siku, dada. Anayezipokea siku zote. Mke wa Deddah."

Nilikaa chini pale pale kwenye matairi.

Nimekumbuka ulivyokuwa ukiniomba nikutungie uzi kwenye sindano mwaka ule wa mwisho nilipokuja, ukisema vumbi. Nilikuuliza juu ya macho, ukanijibu mitende, kisha kifua, macho hukuyataja. Mama, huoni. Tangu lini? Na mwandiko huu mzuri ninaousifu kwa Nezha ni wa nani?

Kama kuna macho mengine juu ya karatasi hii, nayaambia haya: sijamgusa, sijamwambia neno, hajui. Naapa kwa aya nilizosoma kwenye ubao utotoni. Sasa nijibu, yeyote uliye.

Teslem


Tijikja, 2 Januari 1996

Teslem,

Wa aleikum salaam. Ni mimi, Selekha.

Yaghuta haoni huu mwaka wa pili. Mwanzoni alinificha hata mimi niliyemshika mkono mpaka kisimani. Anaogopa watu wakijua hawatamwita tena kwenye harusi. Alinifuata akasema, "Wewe ulisoma shule, nisomee mwanangu, na usimwambie." Nikakubali kwa mapenzi. Alikuwa akisema, nami naandika. Jangwa lako na mvua tuliyacheka pamoja mpaka maziwa yakamwagika.

Kisha ukaleta lami. Yeye akasema nusu ya wanaume wa Taganti. Mimi sikucheka, maana kilemba kile nakifua mimi, na nilijua mwanamume mmoja mwenye lami kichwani anayekwenda Nuakshot na kunywa chai kwenu. Usiku mmoja wa shaka ni mrefu, Teslem, na mimi nilipata ishirini. Nikawa nanusa mifuko yake. Nikawa namuuliza, "Kwa akina Teslem wanapikaje chai?" anasema, "Chai ni chai." Jibu gani hilo?

Maneno yale ya chini ya sahihi hayakuwa ya Yaghuta. Nilimaliza kumwandikia, nikarudi kwangu, nikayaongeza mwenyewe. Nilitaka umtaje. Nilijua ukiambiwa "taja jina" hutataja, lakini ukiambiwa "utatunga vizuri" utatoa kila kitu. Waimbaji ndivyo mlivyo.

Ukakitoa. Na nikwambie kilichoniuma, maana najua ndicho unachongoja. Si kwamba umempenda, anapendeka. Mimi nimeishi na Deddah miaka kumi na miwili, nimezaa naye wanne, na kila siku ya Mungu namwona akipuliza chai iliyopoa, na sikuwahi kulisema, hata kimoyomoyo. Nilikuwa naliona kama naona mlango. Wewe mara tatu tu ukaliona, ukalifunga kwa mistari miwili, na nilipousoma ubeti nilimpenda upya mume wangu kwa macho ya mwanamke mwingine. Ulishawahi kuonja uchungu wa namna hiyo?

Yaghuta sikumsomea. Nilimwambia umetuma salamu tu. Ile mistari mitatu ni yangu. Jioni wanawake walipokusanyika nikasema, "Mwanamke mmoja amesema," nikauimba. Deddah na chai yake hapa hakuna asiyemtambua, walishakunywa naye wote. Wakapiga vigelegele wakinitazama mimi: mke gani huyu, baada ya watoto wanne bado anaungua! Basi ukawa wangu. Hicho ndicho nilichotaka. Ukija siku yoyote kuuimba, utakuwa umeimba wimbo wa mke wa Deddah.

Ila nimelipa. Wimbo ulimfikia, watoto waliuimba uani. Tangu siku ile hapulizi. Anapokea bilauri, anakumbuka, anainywa ikiwa moto, anaungua ulimi, ananitazama kwa aibu. Nimeupata ubeti, nimekikosa chenyewe.

Barua yako ya kumwita mama yako mwizi sikumsomea pia. Nimemwambia una mafua. Anakuombea kila swala upone mafua.

Selekha


Nuakshot, 8 Januari 1996

Dada Selekha,

Asalaam aleikum. Hamjambo, wewe na watoto? Mama Mdogo hajambo? Mwambie mafua yamepona.

Barua yako nimeisoma nikakukasirikia mpaka mchana. Umenitega kama panya kwa kipande cha nyama, na nyama yenyewe ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kupewa. Halafu nikaona aibu. Nimekula kwako, nimelala kwako msimu wa tende yeye akiwa safarini na ngamia, umenisuka nywele. Nilisema hakuna kilichotendeka nikajiona msafi. Kumbe kuna kilichotendeka, nilikitenda kwa karatasi na nikakuletea ukisome.

Deddah akija mjini sitakuwepo nyumbani. Nimemwambia Nezha.

Ubeti wa chai sitauimba, ni wako. Siku tisa zimebaki na nilikuwa nimekata tamaa, nimeanza kujikumbusha sifa za mababu. Lakini mkono haukutulia. Nilikutazama wewe kama ulivyonifundisha kutazama, na huu umekuja:

*Namsomea jirani barua isiyo yangu;*
*kumbe yumo mle ndani, anakunywa chai yangu.*

Neno la kupuliza nimeliondoa makusudi, sitaki kukuchukulia chako tena. Nitasema "mwanamke mmoja amesema". Ila safari hii huyo mwanamke namjua, naye lazima aniruhusu. Bouba akirudi mikono mitupu kabla ya tarehe kumi na saba, nitaimba mababu, na sitakulaumu.

Ombi moja. Mama Mdogo umsomee zote, hata ile mbaya niliyomwita mwizi. Usiruke kitu.

Mdogo wako,
Teslem


Tijikja, 13 Januari 1996

Teslem,

Wa aleikum salaam.

Nimemsomea zote, tangu ya Oktoba, sikuruka. Ilichukua mchana kutwa. Tulipofika pa mwizi akasema, "Mtoto ana haki, hata mimi ningejishuku." Aliposikia niliyoongeza chini ya sahihi akanipiga kofi la begani, hilo bado linauma. Kisha akasema, "Lakini ni ushauri mzuri." Anasema kila mtu ajue kwamba haoni, amechoka kuogopa, na wasiotaka kumwita wasimwite.

Kuhusu ubeti wako wa mwisho, tumekaa nao sisi wawili. Yeye anasema kipande cha mwisho hakijaiva, nami nasema hivyo hivyo. "Anakunywa chai yangu." Kila mwanamume hunywa chai, Teslem. Umesahau somo kwa ajili ya heshima, na heshima haitungi. Andika *apuliza chai yangu*.

Uimbe. Redio yetu ina betri mpya, na Deddah atakuwepo.

Ila msimu wa tende mwaka huu, usije.

Jirani yenu,
Selekha